MWALIMU MKUU NA MIZANI YA KAZI YAKE

Kila mwaka kitabu hiki kitokapo, wanachama hutazama kwanza ukurasa wa hesabu, na hiyo ni haki yao. Wakiisha kuridhika kwamba fedha hazikupotea, huenda kwenye sehemu ya elimu, maana vyama vya namna yetu, tangu vilipoanza kuundwa katika miji ya Kenya, havikutumia fedha kwa jambo lolote kama vilivyotumia kwa shule: karo za watoto wa maskini, mabati, madawati, vitabu. Lakini kuna swali moja ambalo huulizwa sana nje ya mkutano kuliko ndani yake. Shule tunayoisaidia, je, inaongozwa vema? Na mtu asiyekuwa mwalimu atalijuaje jambo hilo?

Jibu la mkato ambalo sote tumelizoea ni kutazama matokeo ya mtihani. Shule ikifaulisha, Mwalimu Mkuu husifiwa na kubebwa mabegani. Ikianguka, wazazi hufunga lango na kudai ahamishwe. Katika makala haya nataka kueleza kwa ufupi jinsi mizani hiyo ilivyopata kuwa yetu, na jinsi wachunguzi wa elimu, baadhi yao wakifanya kazi yao papa hapa Kenya magharibi, walivyokuja kuonyesha kwamba mizani hiyo ina kasoro kubwa. Si jambo la wataalamu peke yao. Mtoto anayeketi nyuma ya darasa, asiyeweza kusoma kitabu kilichowekwa mbele yake, ndiye anayeumia mizani inapodanganya.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Dakta Thomas Jesse Jones kutoka Marekani, ilizuru Afrika Mashariki. Pamoja naye alikuwamo Dakta James Aggrey wa Gold Coast, ambaye wazee wetu walimkumbuka kwa muda mrefu, maana kumwona Mwafrika mwenye elimu kama ile akiketi katika tume pamoja na Wazungu kulikuwa jambo geni. Tume ilikuta shule nyingi za vijijini ambazo hasa zilikuwa madarasa ya kusomea katekisimu, kila moja na mwalimu mmoja ambaye mwenyewe alikuwa amesoma miaka michache tu. Mwalimu huyo ndiye aliyekuwa mkuu, karani, fundi wa paa na mpiga kengele. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha kazi.

Kutokana na shauri la tume ile, mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School pale Kabete, iliyopewa jina la mama mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, aliyeacha mali yake isaidie shule za vijijini za watu weusi kusini mwa Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana J. W. C. Dougall. Kabete walifundishwa walimu wa kuzunguka, pamoja na wake zao, ili kila mmoja arudi kwao azitembelee shule kadha wa kadha, aketi darasani, amwonyeshe mwalimu njia iliyo bora, kisha arudi tena kuona kama imefuatwa. Mpango ule ulikuwa na makosa yake. Wengi wa watu wetu waliuona kuwa njia ya kumfunga Mwafrika katika elimu ya jembe na choo, ilhali Mzungu akisoma Kilatini na hesabu, na hawakukosa sababu ya kushuku hivyo. Walakini jambo moja ndani yake lilikuwa zuri, nalo ni kwamba mwalimu hujifunza kazi akiwa kazini, mbele ya mtu anayeijua kuliko yeye. Jambo hilo tutalikuta tena mbele.

Wakati ule ule wazazi wa Kikuyu na wengineo walikuwa wakijenga shule zao wenyewe, wakichagua wakuu wao na kuwalipa kwa michango yao. Chuo cha walimu cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1939 na Mbiyu Koinange, na baadaye kuongozwa na Jomo Kenyatta, kilikuwa kilele cha juhudi hizo, hata serikali ya kikoloni ilipokifunga mwaka 1952. Katika shule hizo mkuu alikuwa na jukumu mbele ya wazee waliomwajiri. Katika shule za misheni alikuwa na jukumu mbele ya padre. Kote kuwili hapakuwa na mizani ya mtihani kwa kiasi cha kutisha.

Mizani ya mtihani ilikuja na nguvu baada ya taarifa ya kamati ya mwaka 1949 iliyoongozwa na Leonard Beecher, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa la Anglikana katika Afrika Mashariki. Taarifa ile iligawanya elimu ya Mwafrika katika mafungu matatu ya miaka minne minne, na kati ya fungu na fungu ukawekwa mtihani kama mlango mwembamba. Kamati ilisisitiza pia ukaguzi wa shule, lakini wakaguzi hawakutosha. Mtihani ukabaki mahali pake kila mwaka. Toka hapo mzazi alikuwa na namba ya kushika mkononi: shule fulani imepitisha wangapi? Baada ya Uhuru mitihani ilibadilika majina, na mwaka 1985 ukaja mtihani wa darasa la nane uliodumu hadi 2023, lakini swali la mzazi lilibaki lile lile.

Yafaa sasa tumtazame mtu mmoja, maana jina lake halikosekani popote Wakenya wa umri fulani wanapozungumza juu ya uongozi wa shule. Edward Carey Francis alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akapigana katika Vita Kuu ya kwanza, akawa mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1928 aliiacha kazi ile ya heshima akaja kuwa mkuu wa shule ya CMS ya Maseno. Mwaka 1940 alihamia Alliance High School, Kikuyu, iliyokuwa imeanzishwa na umoja wa misheni za Kiprotestanti mwaka 1926, akakaa huko miaka ishirini na miwili. Alipostaafu mwaka 1962 hakurudi kwao. Alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, mtaa wa watu wa kawaida wa Nairobi, na hapo ndipo kazi yake ilipokwisha alipofariki mwaka 1966.

Mkuu huyu hakuongoza kwa barua kutoka ofisini. Alifundisha hesabu mwenyewe, aliwajua wanafunzi kwa majina, alikagua usafi, alisimama uwanjani wakati wa mchezo. Alikuwa mkali, na katika siasa alikuwa mzito kuliko vijana waliomzunguka. Wako waliosoma kwake ambao baadaye walimlaumu kwa kutoona haraka kwamba nchi ilikuwa imekwisha kugeuka. Lakini hata wale waliomlaumu hawakusema kwamba alikuwa mvivu au kwamba aliwadharau wanafunzi wake. Kadhaa wa mawaziri wa serikali ya kwanza ya mwaka 1963 walikuwa wamepita mikononi mwake, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma Alliance kuanzia 1955 hadi 1958. Kwa hiyo vizazi viwili vya wakuu wa shule katika nchi hii walimfanya kuwa kipimo chao. Ukitaka shule ifaulu, walisema, uwe kama Carey Francis.

Hapo ndipo mchunguzi anapoinua mkono na kuuliza kwa adabu. Alliance ilichagua wavulana waliofanya vizuri kuliko wote katika nchi nzima. Kama ungewachukua wavulana wale wale ukawapeleka kwingine penye walimu wa wastani, je, wangeanguka? Ni kiasi gani cha kufaulu kule kilitoka kwa mkuu, na ni kiasi gani kilikuja mlangoni pamoja na mvulana mwenyewe, katika kichwa chake? Swali hili halimwondolei marehemu heshima yake. Ni swali la mkulima anayetaka kujua kama mavuno yametokana na mbolea au na udongo uliokuwa mzuri tangu mwanzo.

Kwa bahati, mwaka huo huo wa 1966 swali la namna hiyo lilikuwa likiwatikisa Wamarekani. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilikuwa imeagiza uchunguzi wa elimu ya watu weusi na makabila mengine madogo, na kazi ikapewa Profesa James Coleman. Alipima wanafunzi zaidi ya 600,000 katika shule kama 4,000. Wengi walitazamia aonyeshe kwamba shule za watu weusi zina majengo mabaya na vitabu vichache, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya watoto kubaki nyuma. Aliyoyakuta yaliwashangaza. Tofauti za fedha na vifaa kati ya shule na shule zilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti za maksi. Sehemu kubwa ilielezwa na nyumba alikotoka mtoto na wenzake anaokaa nao darasani. Watu wakaruka na kusema, basi shule si kitu. Coleman hakusema hivyo hasa, lakini maneno yakishatoka kinywani hayarudi, na wakuu wengi wa shule za mitaa ya maskini walipata hapo kisingizio: nifanye nini mimi, na nyumbani kwao ndiko kulikoharibika?

Aliyekataa kisingizio hicho kwa nguvu kuliko wengine alikuwa Ronald Edmonds, msomi Mmarekani mweusi. Mwaka 1971 George Weber alikuwa amekwisha kuandika habari za shule nne za mitaa ya maskini ambamo watoto walijua kusoma vizuri, na Edmonds akaifuata njia hiyo: badala ya kuhesabu wastani wa shule zote, alitafuta zile chache ambamo watoto wa maskini wanafaulu, akauliza zina nini. Katika makala yake ya mwaka 1979 alitaja mambo machache. Mkuu mwenye nguvu anayejali ufundishaji. Walimu wanaoamini kwamba kila mtoto ataweza. Utulivu usiokuwa wa kutisha. Kusoma na hesabu kutangulizwa mbele ya mengine yote. Na kupima maendeleo ya mtoto mara kwa mara. Mwaka huo huo wa 1979, huko London, Dakta Michael Rutter na wenzake walitoa habari za shule kumi na mbili za sekondari walizozifuata kwa miaka, nao wakaona kwamba hata ukiisha kuondoa tofauti za watoto wanaoingia, shule bado hupishana sana katika tabia, mahudhurio na mitihani. Kitabu chao walikiita kwa hesabu ya saa ambazo mtoto hukaa shuleni tangu miaka mitano hadi anapomaliza: saa elfu kumi na tano. Ni saa nyingi mno kusema hazina kazi.

Na sisi Waafrika je? Mmarekani Stephen Heyneman alifanya uchunguzi katika shule za msingi za Uganda katika miaka ya 1970, akakuta jambo lililo kinyume cha lile la Coleman. Hali ya nyumbani ilieleza kidogo sana juu ya nani atafaulu. Mwaka 1983 yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29 wakaona kwamba kadiri nchi ilivyo maskini ndivyo shule na mwalimu wanavyokuwa na uzito zaidi katika masomo ya mtoto. Wako waliobishana nao baadaye, na hali imebadilika tangu hapo, maana tofauti kati ya tajiri na maskini imekua hata kwetu. Lakini kwa mkuu wa shule ya kijijini habari hii ilikuwa nzito: mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu hana mahali pengine pa kukipata isipokuwa kwako.

Turudi sasa kwenye lile swali la Alliance. Miaka mingi baada ya Carey Francis, wataalamu wawili wa uchumi, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, walipata njia ya kulijaribu. Shule za kitaifa huchukua wanafunzi kwa kufuata maksi, kwa hiyo daima wako watoto waliopata nafasi kwa maksi moja au mbili, na wako walioikosa kwa maksi moja au mbili wakapelekwa shule ya chini yake. Watoto hao wa makundi mawili wanafanana kabisa isipokuwa kwa shule waliyopata. Wataalamu hao wakafuata matokeo yao ya kidato cha nne. Katika taarifa waliyoitoa mwaka 2014 walisema kwamba hawakupata dalili ya maana kuwa wale walioingia shule za kitaifa walipata maksi bora kuliko wenzao walioachwa mlangoni.

Wanachama, tuyasome maneno hayo polepole. Hayasemi kwamba shule kubwa ni mbaya, wala kwamba mtoto hapati humo kitu kingine, kama marafiki, heshima na upeo. Yanasema tu kwamba ule mlima wa alama A tunaoupigia makofi kila mwaka haututhibitishii kazi ya mkuu. Sehemu kubwa ya mlima huo iliingia ikiwa imekwisha kupandwa. Na kama ndivyo, upande wa pili pia ni kweli. Yuko mkuu katika shule ya kutwa, anayepokea watoto waliokwisha kukata tamaa, ambaye wastani wake wa alama C huenda ni kazi kubwa kuliko A ya mwingine. Huyo hatumbebi mabegani. Pengine ndiye aliyefungiwa lango.

Mizani hii mbaya ina madhara mengine ambayo wazazi wengi wanayajua lakini hawayasemi. Mkuu anayehukumiwa kwa wastani hujifunza haraka jinsi ya kuulinda wastani. Mtoto dhaifu hurudishwa darasa au huambiwa akajiandikishe kwingine. Mwalimu hodari hupewa darasa la mtihani, na madarasa ya chini huachiwa yeyote aliyebaki. Mwaka 2014 serikali iliacha kutangaza orodha ya shule kwa kufuata matokeo kwa sababu ya mambo kama haya, na ubishi ukafuata, maana magazeti na wazazi waliipenda orodha ile.

Sasa nifike Busia, ambako nadhani kuna mafundisho makubwa kuliko yote kwa vyama kama chetu. Katikati ya miaka ya 1990 shirika moja la misaada la Kiholanzi lilikuwa likisaidia shule za msingi za huko, na mtaalamu Michael Kremer na wenzake wakapata ruhusa ya kujaribu misaada hiyo kama madaktari wanavyojaribu dawa: shule hugawanywa kama kwa kura, baadhi zikapata kwanza, nyingine zikangoja, kisha zikalinganishwa. Mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hii.

Jambo la kwanza lililojaribiwa lilikuwa vitabu. Kati ya shule 100, shule 25 zilipewa vitabu vya serikali mwaka 1996. Nani angekuwa na shaka? Darasa ambalo watoto wanne au watano hung'ang'ania kitabu kimoja likipewa vitabu, kwa vyovyote litapanda. Halikupanda. Maksi za mtoto wa kawaida zilibaki pale pale, na walionufaika ni wale tu waliokuwa mbele tangu awali. Sababu ilionekana walipotazama kwa makini. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na vilitungwa vikimwazia mtoto aliyeko mbele ya mtalaa. Mtoto wa katikati hakuweza kuvisoma. Kadhalika zilijaribiwa chati kubwa za ukutani katika shule 89 kati ya 178, nazo hazikuongeza kitu. Dawa za minyoo zilipunguza utoro kwa kiasi cha robo katika shule zilizozipata, jambo jema sana, ingawa maksi za mtihani hazikupanda pamoja nalo.

Kisha ikajaribiwa zawadi kwa walimu. Katika shule 50, walimu waliahidiwa zawadi za thamani ya tangu sehemu ya tano hadi sehemu mbili kwa tano za mshahara wa mwezi ikiwa wanafunzi wangefanya vizuri katika mtihani. Maksi zilipanda. Lakini walimu hawakuhudhuria zaidi kuliko zamani, hawakutoa kazi ya nyumbani zaidi, wala hawakubadili namna ya kufundisha. Kilichoongezeka ni masomo ya ziada ya kuandaa mtihani, na zawadi zilipokoma, faida nayo ikayeyuka. Yeyote anayetaka kujua tofauti kati ya kumfundisha mtoto na kumpakia mtoto, ajifunze habari hii.

La nne ndilo linalomhusu Mwalimu Mkuu moja kwa moja. Mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi zilizokuwa na darasa la kwanza moja lenye watoto wengi mno, lilitolewa fungu la kuajiri mwalimu wa pili wa mkataba ili darasa ligawanywe mikondo miwili. Katika nusu ya shule watoto waligawanywa kwa bahati tu. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa kiwango, waliokwisha kujua huku na wasiojua kule. Baada ya miezi kumi na minane, shule zilizogawa kwa kiwango zilikuwa mbele, na walionufaika walikuwa wote, wenye nguvu na dhaifu pia. Mwalimu aliyekuwa na watoto wa kiwango kimoja aliweza kuanzia pale walipo badala ya kuanzia pale kitabu kinaposema.

Lakini asije mkuu yeyote akaikimbilia habari hii akaunda darasa la werevu na darasa la wajinga, akadhani amefuata utafiti. Katika majaribio yale walimu waligawiwa mikondo kwa kura. Mkondo wa dhaifu haukutupiwa mwalimu mbovu. Katika shule nyingi tunazozijua, mkondo wa dhaifu ungepewa mwalimu asiyetakiwa kwingine, na hapo dawa ingegeuka sumu. Mwenye kuamua nani afundishe nani, mtoto apimwe lini, na nani aketi nyuma ya darasa kusikiliza somo ni mkuu wa shule peke yake. Hayo hayanunuliwi kwa mchango, na bila hayo vitabu tunavyonunua vitakaa kabatini vikiliwa na mchwa.

Wachunguzi wa ng'ambo wamefika karibu na hapo hapo kwa njia nyingine. Mwaka 2008 Profesa Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walikusanya taarifa 27 juu ya wakuu wa shule, wakapanga kazi zao kwa mafungu: kuweka malengo, kutafuta vifaa, kusimamia ufundishaji, kulinda utulivu, na kujifunza pamoja na walimu. Hili la mwisho lilikuwa na nguvu mara mbili kuliko lililolifuata. Yaani mkuu anayeketi na walimu wake katika mafunzo, akauliza na kuulizwa, huwafaa watoto kuliko anayefungua mafunzo kwa hotuba kisha akapanda gari. Mzee Dougall wa Kabete asingeshangaa. Mwaka 2021 Wamarekani wengine walitoa hesabu zilizohusu wakuu 22,000, wakakadiria kwamba shule inayomwondoa mkuu aliye chini ya wastani ikampata aliye juu yake huwaongezea watoto karibu masomo ya miezi mitatu kwa mwaka.

Hizo ni hesabu za Marekani, na yatupasa kuzipokea kwa tahadhari. Huko mkuu mara nyingi huwa na sauti katika kuchagua walimu; kwetu, tangu mwaka 1967, kuajiri na kuhamisha ni kazi ya Tume ya Kuajiri Walimu. Mwalimu Mkuu wa Kenya anaweza kuletewa mwalimu asiyemtaka na kunyang'anywa anayemtegemea katika wiki moja. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi alipandishwa cheo kwa kuwa alifundisha vizuri, akakabidhiwa funguo, kitabu cha hesabu na mhuri, na hakuna aliyemfundisha kazi mpya. Taasisi ya serikali ya kuwafundisha wakuu uongozi ilianza katika miaka ya 1980, ikathibitishwa kisheria mwaka 1988. Kisha mwaka 2003 karo ya shule za msingi ikafutwa, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia kwa mkupuo. Wakuu waliokuwa na darasa la watoto arubaini wakajikuta na themanini na zaidi. Mwenye kuwalaumu kwa kutoketi nyuma ya darasa afikiri kwanza wangeketi wapi.

Hata hivyo fungu la utafiti ule wa 2005 halijaisha, na lililobaki linatuhusu sisi wenyewe, wazazi na wanachama tunaokaa katika kamati na bodi za shule. Waligundua kwamba mwalimu wa mkataba alipofika, baadhi ya walimu wa serikali walilegea, wakamwachia mzigo. Tena baadhi ya nafasi hizo za mkataba zilikwenda kwa jamaa za walimu waliokuwapo. Lakini katika nusu ya shule kamati za wazazi zilikuwa zimefundishwa kazi yao: namna ya kuwahoji waombaji, namna ya kuangalia mahudhurio, namna ya kukutana na mkuu na kumwuliza bila ugomvi. Katika shule hizo upendeleo wa jamaa ulipungua, walimu wa serikali hawakulegea kwa kiasi kile, na faida ya watoto ilidumu zaidi. Mwaka ulipokwisha kamati ilikaa kikao rasmi, ikasoma daftari la mahudhurio, ikaamua kama mwalimu ataongezewa mkataba au ataagwa.